Jirani Hanyimwi Moto

Nianze na hasira, kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Watu wa Kasulu wakimtaja Mama Mchungaji hushusha sauti na kusema, "Yule mama ni malaika." Mimi nilipanga chumba uani kwake kwa miaka, nikachota maji kwenye bomba lake, nikaanika nguo zangu kwenye kamba yake, na nasema hivi: malaika huyo alinikosesha kazi na hakuwahi kuniomba radhi. Nilikuwa muuguzi mwenye cheti na bila ajira. Nikapata nafasi ya usaili kwa njia ya mtandao, na nafasi hiyo ikapotelea ndani ya nyumba yake, kwenye waifai yake, kwa sababu ya roho yake nzuri. Kumkasirikia mtu mbaya ni kazi rahisi, hata mtoto anaiweza. Kumkasirikia Mama Mchungaji kulinichukua muda kujifunza.

Ni mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Hufunga kitenge juu ya kitenge, na kwenye pindo la kile cha ndani ndiko zinakokaa funguo zake. Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi cha kwao, na akikasirika Kiswahili hukimbia chote kinabaki Kirundi kitupu. Hamwiti mtu kwa jina. Kila mtu kwake ni mwana wanje, yaani mwanangu, hata fundi bomba mwenye mvi kumzidi yeye.

Kitu chochote cha thamani nyumbani kwake kilivikwa nguo. Alifuma vitambaa mwenyewe, kwa sindano na uzi wa rangi, huku akisikiliza mahubiri redioni. Redio ilikuwa na kitambaa. Televisheni ilikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa hicho kulikuwa na kingine kidogo cha kuzuia kile cha kwanza kisishike vumbi. Kijana wake wa mwisho, anayeishi Kanada, alipomnunulia ruta ili waonane wakiongea, Mama alikaa jioni mbili tatu akaifumia kitambaa cha waridi chenye malinda. Kisha akaifungia ndani ya kabati la chuma, pamoja na vikombe vya wageni, na ufunguo ukaenda kwenye pindo.

Mimi ndiye niliyekwenda kumweleza. Nilikuwa nimehangaika na laptopu yangu siku nzima. Inashika mtandao, inauachia, inashika, inauachia. Nilimkuta anachambua maharage.

"Mama, kile kifaa kinatoa mawimbi. Ukikifungia ndani ya chuma hayatoki."

"Kinapumua?"

"Tuseme kinapumua."

"Basi kitambaa kina matundu, mwana wanje. Usiogope."

Nilibishana naye mpaka maharage yakaisha. Mwishoni alikubali ruta ikae juu ya kabati, ila ikiwa na nguo yake. Nilishukuru. Kwa siku chache waifai ilikimbia vizuri mpaka chumbani kwangu, nikawa nasoma masomo ya uuguzi na kutafuta nafasi za kazi, nikajiona nimefika mjini. Sikujua kwamba kwa kuitoa kabatini nilikuwa nimeitoa pia barabarani.

Hapa inabidi nieleze kuhusu moto, maana bila hilo mtadhani mama huyu hakuwa na akili, na akili anayo. Vijijini kwetu, Kitahana nilikokulia mimi na hata huko alikokulia yeye, moto wa asubuhi ulikuwa unaombwa. Mama anamtuma mtoto na kigae au fungu la nyasi kavu, anakwenda kwa jirani ambaye moshi wake umeonekana kwanza, anasalimia, anapewa kaa, anarudi anapuliza njia nzima. Unaweza kuwa umegombana na jirani yako kuhusu mbuzi aliyekula migomba, hamsemeshani, lakini mtoto wake akija na kigae unampa moto. Anayenyima moto si mtu. Nyumba yake inasemwa mpaka kwenye misiba.

Mama Mchungaji aliitazama ruta akaona moto. Mtu akibisha hodi na kuomba neno la siri, kwake ni mtoto mwenye kigae. Na neno la siri lenyewe alilichagua yeye, kijana wake akaliweka: jiranihanyimwimoto, herufi ndogo zote, bila nafasi. Siri gani hiyo? Nilicheka mara ya kwanza nilipoliandika. Baadaye sikucheka tena.

Walikuja madereva wa bodaboda wa pale kona. Walikuja wasichana wa saluni, wakaja wanakwaya, wakaja wakimbizi waliotoka kambini kwa kibali cha siku moja, wakimsemesha Kirundi naye akitaka kulia kwa furaha. Sharti lake lilikuwa salamu tu. Ukiingia na "Mambo vipi, Mama, nirushie waifai," utakoma.

"Yemwe! Umelala na mimi njaa, tukawa rika? Rudi nje, uingie tena kama mtu."

Kijana anatoka, anabisha hodi upya, anainama, anapiga makofi taratibu kama wafanyavyo Waha wakimsalimu mkubwa, "Mwidiwe, Mama." Anaitikiwa, anaulizwa habari za mama yake, za shangazi yake, za ng'ombe kama wapo, na ndipo anapewa. Hakuna aliyewahi kunyimwa. Ukuta wa nyumba yake upande wa barabara ukawa na watu wameegemea kutwa, vichwa chini, simu mkononi.

Mwenye duka la mbele, mzee mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Pangani, aliuza vocha za simu. Alivuka barabara siku moja na kofia yake mkononi.

"Mama yangu wee, pepo yako umeshaipata, hilo sikatai. Lakini unanifilisi. Nani atanunua bando kwangu na wewe unagawa bure?"

"Wewe unatumia bando lako?"

Mzee akakohoa. Simu yake mwenyewe ilikuwa imeunganishwa kwa Mama Mchungaji tangu wiki ya kwanza. Wote wawili wakacheka, akapewa chai, akarudi dukani. Mimi nilikuwa uani nasubiri ukurasa mmoja ufunguke, na sikucheka.

Msidhani alikuwa mkarimu wa kila kitu. Ufagio wake hauazimwi. Chekecheke lake nililiazima mara moja, nikachelewa kulirudisha, akanisimanga mpaka wapangaji wengine wakanionea huruma. Chumvi aliifungia. Mwavuli wake mweusi hakumpa hata mumewe, mchungaji wa watu, ambaye alikwenda kuzika mtu kwenye mvua akiwa amefunika kichwa kwa mfuko wa plastiki. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba mwavuli ni kitu, na kitu kina mwenyewe. Moto hauna mwenyewe, una aliyeuwasha tu. Nakiri jibu hilo lilinishika. Nakiri pia kwamba usiku ule nilikosa kutuma maombi ya kazi kwa sababu wasichana wa saluni walikuwa wanaangalia tamthilia.

Nilijaribu kila kitu upande wangu kwanza, kwa sababu nilifundishwa kumpima mgonjwa kabla ya kumlaumu mbu. Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, nikaishuku. Niliifanya iusahau ule mtandao, nikauunganisha upya. Nikagundua ina tabia ya kuzima kifaa chake cha waifai ili kubana matumizi ya betri, nikaondoa ile alama ya tiki kwenye mipangilio yake. Nikaiwekea programu mpya ya waifai. Nikahamisha meza, maana kati yangu na ruta kulikuwa na ukuta wa tofali za kuchoma na mlango wa bati, na bati ni adui. Nilibeba laptopu mpaka sebuleni, nikakaa chini ya kabati lenyewe. Asubuhi na mapema, barabara ikiwa bado imelala, kila kitu kilifunguka papo hapo. Jua likipanda na watu wakiegemea ukuta, hapohapo chini ya kabati, kinakwama. Mgonjwa hakuwa laptopu.

Yeye alikuwa na tiba mbili. Ya kwanza: "Izime ipumzike." Anachomoa waya wa ruta, anaimba ubeti mmoja wa wimbo, anachomeka. Na iliniudhi zaidi kwamba mara nyingi tiba hiyo ilifanya kazi, angalau mpaka simu za ukutani zirudi zote. Ya pili ilikuwa maombi. Aliweka mkono juu ya laptopu yangu, akafumba macho, akaomba kwa Kirundi kwa sauti, mpaka mbwa akabweka. Alipofumbua macho aliuliza, "Imeshika?" Ilikuwa haijashika. Akasema imani yangu ni ndogo.

Nilimweleza tofauti kati ya moto na mtandao, kwa kupanga maneno kama ninavyomweleza mgonjwa dawa.

"Mama, ukimpa mtu kaa la moto, moto wako haupungui. Huu unapungua. Huu ni bomba. Maji yanayoingia ni yaleyale, wote tukifungulia kila mtu anapata tone."

Alifikiri kweli, sindano imesimama mkononi.

"Basi tuchote polepole," akasema.

Barua pepe ya usaili ilipofika nilipiga vigelegele peke yangu chumbani. Lilikuwa shirika moja la afya, lilitaka wauguzi wa kambini, na wasaili walikuwa mbali, wangenihoji kwa video. Nilikuwa nimekaa bila kazi muda mrefu mpaka mama yangu kule Kitahana akaacha kuuliza. Aliuza shamba la migomba nisome. Kwa hiyo nilikwenda kwa Mama Mchungaji, nikapiga magoti kabisa, nikamwomba asubuhi moja tu: abadilishe neno la siri, au awaambie watu wapumzike mpaka nimalize.

"Ego, mwana wanje. Ndiyo. Siku hiyo ni yako."

Aliniwekea mikono kichwani akanibariki. Alisema ndiyo, na najua alisema kwa moyo. Tatizo la mama huyu ni kwamba hana neno jingine.

Asubuhi hiyo ikaja kwaya kutoka Nyabibuye. Walikuwa wanakwenda tamasha, gari lao likaharibika, wakapokelewa kanisani, na yeye akawapikia uji. Vijana wenye simu, wageni, wamechoka, wanataka kuwajulisha wenzao kwamba wamekwama. Unadhani aliwanyima? Wageni ndio kabisa hawanyimwi. Nilikuwa nimekaa sebuleni na koti langu la usaili, laptopu iko chini ya kabati, wasaili watatu wananitazama, nimeshajibu vizuri maswali ya mwanzo. Mmoja wao, mama mwenye miwani, akauliza: "Mama amejifungua, anatokwa na damu nyingi, wewe uko peke yako zamu. Utaanza na nini?"

Swali hilo nililijua. Nililiona kwa macho yangu nilipokuwa mafunzoni. Nilijibu hatua kwa hatua bila kubabaika: kuita msaada, kukanda mfuko wa uzazi, dawa, dripu, kibofu, kuangalia kondo la nyuma na michaniko. Nilijibu kama ninavyopaswa kujibu, na yule mama mwenye miwani alinisikiliza kwa makini sana bila hata kupepesa macho. Bila kupepesa macho. Ndipo nikaelewa kwamba ile ilikuwa picha imeganda. Sijui iliganda nikiwa neno la ngapi. Sauti ilirudi kidogo, "Hatukusikii, dada, uko hapo?" kisha kioo kikawa cheupe. Niliwasha mtandao wa simu, ukapanda mstari mmoja ukashuka. Nilipofanikiwa kurudi hapakuwa na mtu. Niliwaandikia. Walijibu kwa adabu kwamba wameshachagua.

Nilitoka nje. Ua mzima ulikuwa na wanakwaya, bakuli la uji mkono huu, simu mkono huu. Mama Mchungaji alikuwa katikati yao, uso unang'aa, anagawa sukari ile ambayo huwa anaifungia pamoja na chumvi.

"Umewapa," nikamwambia.

"Wana safari, mwana wanje. Wamekwama."

"Na mimi?"

Alinitazama, akaona uso wangu, akasema, "Mungu atakupa nyingine." Na akaendelea kugawa sukari.

Kama angesema samahani siku ile, ningelia, tungemaliza. Hakusema siku ile wala wiki ile. Aliniletea ugali na dagaa chumbani, aliniletea ndizi, alinifumia kitambaa cha laptopu, cha waridi, chenye malinda. Samahani hakuleta. Nafikiri hakuiona ilipo. Angeomba radhi kwa lipi, kwa kutoa moto? Nilihama mwisho wa mwezi, nikarudi Kitahana, nikaanza kujitolea kwenye zahanati. Ninajitolea mpaka leo. Mnajua maana ya kujitolea: unafanya kazi yote ya mwajiriwa na unashukuriwa.

Miaka imepita. Mchungaji alifariki, na Mama akahamia Kibondo kwa binti yake. Mwaka huu nilisikia kwamba miguu inamsumbua na macho hayaoni vizuri. Nilipanda gari nikaenda. Watu waliponiuliza nilisema nakwenda kumjulia hali mgonjwa. Ukweli nilikwenda kuidai ile samahani yangu. Nilitaka nimwambie yote, kuanzia shamba la migomba, kabla mmoja wetu hajafa.

Nilimkuta mchana, binti yake yuko sokoni, yeye amekaa sebuleni mbele ya laptopu iliyowashwa, mikono mapajani. Kabla ya ruta yenyewe nilikiona kitambaa. Na dirishani niliwaona walioegemea ukuta. Kibondo nako walishaujua moshi wake.

"Mwana wanje, Mungu amekuleta. Huu mtandao unakatika, na kijana wangu anafanyiwa upasuaji wa moyo leo. Kwao ndiyo kwanza asubuhi. Amesema atapiga kabla hawajamwingiza ndani."

Niseme mapema kwamba kijana alipona, msije mkadhani natafuta machozi yenu. Lakini saa ile hakuna aliyejua. Nikaweka madai yangu pembeni. Nilivua ruta kitambaa chake, nikaishusha nikaiweka mezani karibu naye. Nikaangalia laptopu, ile tabia ya kubana betri nikaiondoa. Nikaizima ruta ipumzike, na Mungu anisamehe, niliimba ule ubeti. Ikashika, ikaanza kulegea tena.

"Mama, ni wale wa nje. Nipe ruhusa nibadilishe neno la siri. Au niwaombe tu wazime, mpaka umalize. Wataelewa."

"Oya," akakataa kwa Kirundi.

"Ni mwanao, Mama!"

"Na wao ni wana wa watu. Mmoja hapo mama yake yuko hospitali Kigoma, anasubiri habari. Nitamwambia azime, habari yake ni ndogo?" Alinishika mkono. "Tuchote polepole."

Nilikasirika mpaka masikio yakapiga kelele. Simu ikaita kwenye laptopu. Kijana alitokea amelala, amevaa gauni la hospitali, akasema, "Mama, wamekuja kunichukua, nilitaka kukuamb—" na uso ukaganda, mdomo wazi. Yeye hakuona. Macho yake hayatofautishi tena. Aliinama karibu na kioo akaanza kumbariki kwa Kirundi, taratibu, akimtajia baba yake, akimwambia asiogope, Imana iguhezagire, Mungu akubariki, akarudia, akamweleza kwamba amefanya toba kwa niaba yake, kwamba anamngoja. Alisema vizuri sana. Nilimwacha aseme, nikashindwa kumkatiza. Alipomaliza akasubiri jibu.

"Mama," nikasema. "Amekatika. Amekatika tangu mwanzo."

Alinyoosha mkono akagusa kioo, akaupitisha juu ya uso wa mwanawe. Kisha akanigeukia.

"Siku ile yako," akasema, "ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa hivi hivi, Mama."

Alifungua mdomo. Niliona neno lenyewe linakuja, lile nililolipandia gari. Lakini machozi yalitangulia, akabaki anatikisa kichwa na kunibana vidole.

Mlango ukabishwa. Sauti ya kijana, ya kistaarabu, ya mtu aliyefundishwa salamu.

"Hodi. Mwidiwe, Mama. Naomba mtandao, nimwambie mama nimefika salama."

Mama Mchungaji alijaribu kujibu, sauti ikagoma. Akanitazama mimi. Aliniomba kwa macho yale yasiyoona. Nilikuwa na hasira naye, bado ninayo. Nikasimama, nikafungua mlango, nikamtajia kijana neno lilelile, herufi moja moja, zote ndogo, bila nafasi.